Mikono Yenye Harufu ya Maranda

Juzi nilikuwa dukani nikimnunulia chakula paka wa jirani, kazi niliyobebeshwa kwa sababu sijui kukataa, nikapita karibu na rafu ambako mfuko wa maranda ya mbao ulikuwa umepasuka. Ni yale maranda meupe, laini, ya kutandikia wanyama wadogo vizimbani. Harufu ilinifikia kabla sijaona ilikotoka. Niliweka kikapu chini. Mwanamke mzima, na miwani ya kusomea imening'inia kifuani, nikajikuta nimeingiza viganja vyote ndani ya mikono ya sweta, jinsi nilivyozoea nikiwa na miaka tisa. Mfanyakazi mmoja aliniuliza kama ninahitaji msaada. Nikamwambia la, kisha nikaenda kukaa ndani ya gari mpaka nilipoweza kuendesha.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku Amerika mnazijua zile fleti za matofali za Annandale. Ilikuwa enzi ya peja na kadi za simu za kukwangua, na wazazi wetu walikuwa wakipishana mlangoni, mmoja anaingia kutoka zamu, mwingine anatoka. Mami alikuwa akiwatunza wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Baba alikuwa kwenye maegesho ya magari mjini. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, ufunguo wa nyumba umefungwa kamba shingoni, na nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: mtu wa kubaki nyumbani nami.

Chini yetu aliishi Bwana Curtis, Mmarekani mweusi, dereva wa basi mstaafu, ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili katika madarasa ya jioni pale chuoni karibu na kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi tulisalimiana kwa "sasa" na "poa", yeye akitukuta kwenye ngazi anasema, "Hujambo, binti? Je, u mzima?" Mami alisema anaongea kama taarifa ya habari, lakini hakuna siku aliyopika chapati asimpelekee. Sebuleni mwake Bwana Curtis alifuga hamsta wa ile aina ndogo kabisa, wa kijivu, wenye mstari mweusi mgongoni. Ukimweka mmoja kiganjani, kiganja hakijai. Aliwazalisha mwenyewe, akawapa watoto wa mtaa ambao aliona wanaweza kuwatunza, na siku moja akaamua kwamba mimi ni mmoja wao. Nikapanda ngazi na tangi la zamani la samaki, ndani yake dume na jike.

"Baba Mwende!" Mami alipiga kelele jikoni. "Mtoto ameleta panya kwa nyumba yangu!"

"Si panya, ni hamsta," nikasema kwa Kiingereza.

"Panya ni panya. Kwetu tunawawekea mtego, hapa tunawawekea bakuli."

"Wacha mtoto," Baba akasema huku akifunga viatu. "Hapa Amerika hata panya ana haki zake."

Nikawaita Mandazi na Chai. Chai alikuwa dume, mwembamba, mwenye haraka za bure. Mandazi alikuwa mnene, mtulivu, na akila mbegu za alizeti alikuwa akizificha zote mashavuni mpaka kichwa kinakuwa kipana kuliko mwili. Nilijifunza kubadilisha maranda kila Jumamosi, kuosha chupa ya maji, na kuwachania karatasi ya choo wajengee kiota. Nikitoka shule nilikaa chini mbele ya lile tangi bila kuvua koti. Nyumba haikuwa tupu tena.

Majira yale Mami alikuwa mjamzito, na haukupita muda Bwana Curtis akanionyesha kwamba Mandazi naye ni mjamzito. Mami alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia siku ile akawa rafiki wa panya. Akirudi kutoka kazini alikuwa anateremka polepole hadi kwenye zulia, anaegesha miguu yake iliyovimba juu ya mto, na kuongea na Mandazi kupitia kioo. "Mwenzangu," anamwambia, "wewe unalala tu. Mimi kesho niko zamu mbili." Kisha ananivuta karibu na kuweka mkono wangu tumboni. "Huyu wangu akija, Mwende, wewe ndiye utamshika wa kwanza. Kabla ya Baba, kabla ya mtu yeyote. Tumekubaliana?" Nikasema tumekubaliana.

Na kushikwa, kwetu, ni jambo zito. Mnajua jinsi mtoto anavyopokewa. Akina mama wanakuja na uji kwenye thamosi, wananawa mikono, wanaketi, na mtoto anazungushwa chumba kizima kutoka paja moja hadi jingine. Kila mmoja anambeba, anamnenea neno jema, anampisha mwenzake. Anayekuja kuona mtoto na asimbebe, akishaondoka watu wanabaki wakiulizana ana kinyongo gani. Susu, bibi yangu kule Machakos, alinieleza haya kwa simu, kadi ikiwa karibu kuisha. "Mtoto asiyeshikwa," alisema, "hajui kama amefika."

Jumamosi moja, miti ya nje ikiwa imejaa maua meupe, Mami aliamka akisema kichwa kinampasuka na anaona nyota mchana. Baba alimpeleka hospitali. Mimi nikaachwa mlango wa pili, kwa Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyekuwa na mapacha wa umri wangu. Jioni Baba alipiga simu. Ndugu yangu alikuwa amezaliwa miezi mitatu kabla ya siku zake, na jina lake ni Muuo. Mama Furaha alipiga magoti palepale jikoni, kijiko bado mkononi.

Kesho yake baada ya ibada, akina mama wa kanisa walikwenda hospitali kwa msafara, na mimi nikiwa katikati yao. Hatukufika mbali. Chumba cha watoto njiti kilikuwa na kengele mlangoni, sinki, na muuguzi mpole aliyetuambia kwamba wageni hawaruhusiwi. Wale akina mama walisimama kwenye korido na thamosi zao.

"Kwani huyu mtoto ni wa serikali?" mmoja akanong'ona.

"Mtoto haoneki, hashikwi," mwingine akasema, akitikisa kichwa. "Sasa tutamwombea kupitia ukuta?"

Wakamwombea kupitia ukuta.

Jioni hiyohiyo nilipopita nyumbani kuwalisha wanyama wangu, nilisikia sauti nyembamba kutoka kwenye kiota. Mandazi alikuwa amezaa. Watano, wekundu, hawana manyoya, macho yamefunikwa na ngozi, kila mmoja mdogo kuliko punje ya harage. Nilimkimbilia Bwana Curtis. Alipanda ngazi, akainama, akatabasamu, kisha akanigeukia na uso wa kazi. "Binti, tafadhali usiwashike watoto hawa kwa muda wa majuma mawili. Usibadilishe maranda. Funika tangi kwa kitambaa, uwaache na mama yao." Nilimwelewa vizuri kabisa. Sina cha kusingizia hapo.

Jumatatu nilitii. Jumanne nilitii. Jumanne jioni Baba alikuja kwa Mama Furaha kunijulia hali, akaomba simu, akampigia Susu. Nilikuwa nimekaa chini ya meza na mapacha. Nilisikia Baba akisema, "Hapana, Mama. Hakuna aliyemshika. Yuko kwa kioo. Hakuna." Halafu nikaona viatu vyake vinatetemeka sakafuni. Sikuwa nimewahi kujua kwamba Baba analia.

Usiku mzima maneno ya Susu yalikuwa yakizunguka kichwani mwangu. Nikapata jibu, kama watoto wanavyopata majibu. Muuo haponi kwa sababu hajashikwa. Yuko ndani ya kioo na hajui kama amefika. Na pale nyumbani, ndani ya kioo kingine, kulikuwa na watoto watano waliofunikwa kitambaa, nao hakuna aliyewakaribisha. Bwana Curtis alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa Mmarekani. Angejuaje?

Kwa hiyo Jumatano baada ya shule niliwaalika mapacha wa Mama Furaha nyumbani. Tulifanya kila kitu kwa utaratibu. Tuliketi kwenye zulia. Nilimimina maziwa kwenye vikombe vitatu kwa kuwa sikujua kupika uji. Nilimtoa Mandazi kwanza, nikamfungia na Chai ndani ya kisanduku, kisha nikawachukua wale watoto mmojammoja kutoka kwenye maranda na kuwazungusha. Tuliwanenea maneno. "Ukue mkubwa." "Uwe na manyoya mengi." "Usiumwe na paka." Walikuwa na joto la ajabu kwa vitu vidogo hivyo, na mioyo yao ilionekana ikipiga kupitia ngozi. Nilikuwa na furaha siku ile. Niseme ukweli, sikumbuki siku nyingine ya utoto wangu nilipokuwa na furaha kama ile.

Nilikuwa nimemaliza tu kuwarudisha, na mama yao juu yao, Baba alipobisha. "Vaa sweta, Mwende. Wamekubali umwone ndugu yako."

Mlangoni pa chumba cha watoto njiti, muuguzi alinisugua mikono hadi viwikoni kwa sabuni ya rangi ya waridi na brashi ndogo, akahesabu hadi sitini. Nilipogeuka nilileta vidole puani. Harufu ya maranda ilikuwa bado ipo, au niliamini kwamba ipo. Nilijua ningetakiwa kusema. Nilijua pia kwamba nikisema, sitaingia. Nikanyamaza.

Mami alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, uso umevimba, mirija kwenye mikono yote miwili. Muuo alikuwa amelala ndani ya inkubeta, kofia kichwani, mdogo kuliko mfuko wa kilo ya sukari. Muuguzi alifungua kidirisha cha mviringo ubavuni na kusema mtu mmoja anaweza kuingiza mkono leo, asimpapase, amguse tu na kutulia. Baba alitazama mikono yake, akairudisha mifukoni. "Mimi nitamshika kesho," akasema. Mami akanitazama.

"Wewe kwanza, Mwende. Si tulikubaliana?"

Niliingiza mkono. Niliweka kidole kimoja kwenye kiganja chake, na kiganja kikafunga. Sijui niwaeleze vipi nguvu ya kile kiganja. Nikamwambia kwa Kiswahili, mimi niliyezoea kujibu kila kitu kwa Kiingereza, "Karibu. Umefika." Nyuma yangu Mami alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda kuwalisha kabla ya basi la shule. Niliinua kitambaa. Wawili hawakuwepo kabisa. Watatu waliobaki, hali yao sitaisimulia. Mandazi alikuwa amekaa juu ya kile kiota akijipangusa uso kwa mikono miwili, taratibu, kama aliyemaliza kula.

Bwana Curtis alinikuta kwenye ngazi nimeshika kile kitambaa. Alipanda, akaona, akaliondoa lile tangi mbele yangu. Baadaye aliketi nami ngazini. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. "Binti," alisema, "mama huwatambua wanawe kwa harufu. Akikuta harufu ya mkono wa mtu juu yao, hushikwa na hofu, huona kwamba si wake tena." Alinipa leso yake. "Wewe hukujua."

Jioni ile nilimsikia Baba akimwambia Mama Furaha mlangoni, kwa sauti ya chini, "Leo mama yake amekataa kwenda kumwona mtoto. Hataki kabisa. Sijui ni nini." Nilikuwa na sahani ya wali mbele yangu. Nilinusa vidole vyangu. Nikaelewa kila kitu.

Muuo alikufa Ijumaa nikiwa darasani. Mama Furaha ndiye aliyekuja kunichukua shule. "Kuya hapa, mutoto yangu," alisema, akafungua koti lake ili aniweke ndani. "Ndugu yako amerudiya kwa Mungu. Mama yako iko, usiogope, iko lopitali, atarudiya nyumba." Alitaka kunishika mkono tuvuke barabara. Nikaingiza viganja ndani ya mikono ya sweta.

Wiki iliyofuata nilikuwa nikinawa mpaka maji ya moto yaishe. Nilinawa kwa sabuni ya vyombo, nilinawa kwa dawa ya kung'arisha nguo, vifundo vya vidole vikapasuka vikatoa damu. Mami, aliyekuwa amerudi mikono mitupu, alinipaka mafuta ya mgando mara moja nikiwa usingizini, nikaamka nikauvuta mkono. Mandazi na Chai niliwaacha kwa Bwana Curtis na sikuingia tena nyumbani kwake. Tukikutana alikuwa akiuliza, "Je, u mzima, binti?" Nami nikimjibu, "Mimi ni mzima." Alikuwa amenifundisha hivyo ndivyo inavyojibiwa.

Miaka miwili baadaye alizaliwa mdogo wangu Mumbua, kwa wakati wake, mnene, mwenye sauti. Akina mama wakaja na thamosi, safari hii hakuna mlango wa kuwazuia. Mimi nilijifungia bafuni. Kupitia mlango nilimsikia mmoja akiuliza, "Na Mwende, hajambeba mdogo wake?" Mami akasema, "Atambeba." Sikumbeba. Nilimfundisha kusoma, nilimpigania shuleni, nilimpeleka mazoezini, lakini kumbeba, sikumbeba kamwe. Na tangu ile Ijumaa Mami naye hakuwahi kuupata mkono wangu. Tulisalimiana kwa mabega.

Msinielewe vibaya, sikubaki mjinga. Nilipofika sekondari nilikuwa nimeshasoma ya kutosha kujua kwamba mapafu ya mtoto wa mimba ya miezi sita ni karatasi, na kwamba harufu ya mbao haijawahi kuua mtu. Akili ilijua. Mikono haikupata habari.

Miaka ikaenda. Wazazi walihamia upande wa Maryland, karibu na Upper Marlboro, kwenye nyumba yenye bustani. Baba akatutangulia kaburini. Kisha Mami akaugua, yeye aliyewageuza wazee wa watu miaka yote ile, na ikawa zamu yangu kumgeuza. Nilifanya kazi hiyo vizuri. Nilimwogesha, nilimpaka mafuta, nilimkata kucha, na kila mara nilivaa glovu. Nani angeniuliza? Kila mtunzaji anavaa glovu.

Ilikuwa alasiri, wiki tatu kabla hajatutoka. Nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni. Alinitazama, kisha akasema, "Mwende, mimi nimefanya hii kazi miaka ishirini. Najua glovu ya kazi, na najua glovu ya kinyongo."

"Kinyongo gani, Mami?"

"Cha Muuo." Alilitamka lile jina polepole. Hatukuwa tumelitaja mle ndani kwa miaka. "Usinifiche. Hata Mumbua hukumbeba. Najua unanilaumu, na uko na haki. Ile Alhamisi daktari alisema naweza kwenda kumwona. Ni mimi nilikataa. Niliogopa, Mwende. Nilisema nimpende kesho, akipata nguvu kidogo, ndio nisiumie sana. Kesho yake wakaniletea amefungwa kwa blanketi."

Mkono wangu ulibaki kwenye mguu wake, ndani ya glovu.

"Mimi nilimshika akiwa amepoa tayari," akasema. "Baba yako pia. Wewe peke yako ndiye ulimshika akiwa na joto. Na ukamwambia karibu, umefika, nilisikia. Miaka yote hii, nikikosa usingizi, hiyo ndiyo huwa nakumbuka. Angalau alishikwa. Angalau alijua. Hata ukinichukia, hicho ulinipa."

Nilifungua mdomo nimweleze juu ya Mandazi, na vikombe vya maziwa, na vidole nilivyovinusa pale mlangoni nikanyamaza. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna siku niliyomlaumu, kwamba nilikuwa nikimkinga dhidi ya mikono yangu. Miaka yote ile, yeye kwenye chumba chake na mimi kwenye changu, kila mmoja akiamini kwamba ndiye aliyemuua Muuo, na ukuta katikati. Nikalia tu.

"Toa hizo glovu," Mami akasema.

Nikazivua. Niliweka mkono wangu juu ya blanketi, karibu na wake, maana sikujua inavyofanywa. Aliuchukua yeye. Aliugeuza, akaangalia kiganja, akapitisha kidole chake kwenye vifundo, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha hapo.

"Kumbe imekuwa mikubwa," alisema. "Mikono yako, Mwende. Imekuwa mikubwa hivi."